Sikio Moja la Kuazima: Podikasti kwa Mama Mwenye Shughuli

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Uji uko jikoni, sare ya mkubwa haijapigwa pasi, mdogo bado amelala, na ukisikia tu kitanda kinalia unajua zimebaki dakika chache za kuwa peke yako. Kitabu huwezi kukishika saa hiyo. Televisheni huna macho ya kuipa. Kitu kimoja unachoweza kujifanyia bila kuacha kukoroga ni kusikiliza.

Mwongozo huu nauandika kwa mama wa aina hiyo: mwenye duka, mwenye ofisi, mwenye wateja wa vitumbua wanaosubiri mlangoni, na juu ya yote hayo mwenye watoto. Mimi nilianza kusikiliza podikasti nilipojifungua mtoto wa pili. Usiku wa kunyonyesha ni mrefu. Nyumba nzima imelala, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba akili yangu niliiacha kazini siku nilipoanza likizo. Sauti ya mtu mzima akizungumza jambo la watu wazima, kwa utulivu, saa nane za usiku, ilinirudishia kitu ambacho sikujua kwamba nimekipoteza. Kwa hiyo sitakuambia kwamba hii ni starehe ndogo ya kujipa ukipata nafasi. Nafasi haipatikani. Tutaitengeneza ndani ya kazi zilezile unazofanya kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Podikasti ni kipindi cha sauti kama cha redio, ila kimewekwa kwenye intaneti ili ukichukue saa unayotaka wewe. Mwandishi Ben Hammersley alilitumia neno hilo mwaka 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza, akiunganisha jina la kifaa cha iPod na neno la Kiingereza la utangazaji. Redio haimngoji mtu: kipindi cha saa tatu asubuhi kikipita wakati unamwogesha mtoto, kimepita. Podikasti inakungoja. Ukiikatiza dakika ya nne mtoto akalia, ukarudi kesho, itaendelea pale pale ulipoiachia. Kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto, hilo ni jambo kubwa.

Wala si jambo geni kwetu. Waliokulia na Radio Tanzania wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana na hadithi zake. Mwaka 1993 redio hiyohiyo ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na nchi ikamjua Mkwaju, dereva wa malori asiyetulia nyumbani, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha eneo lile na kwingine ambako ulisikika. Walikuta kwamba ulikosikika, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango. Mchezo wa redio uliingia jikoni na chumbani mwa watu na kubadilisha maamuzi yao. Nalitaja kwa sababu unachokiruhusu kiingie sikioni kila siku kina nguvu kuliko unavyodhani, na inafaa ukichague kwa makini kama unavyomchagua mtu wa kukaa na mwanao.

Anza na mikono, jina la kipindi baadaye

Watu wakiulizwa podikasti ipi nzuri hutaja majina. Mimi nakuuliza kwanza: mikono yako inafanya nini wakati huo?

Kazi bora kuliko zote kwa kusikiliza ni ile inayotumia macho na vidole lakini haitumii maneno. Kuchambua mchele, kuchambua mchicha, kumenya viazi, kukunja nguo, kupiga pasi, kusukuma chapati. Hapo unaweza kufuata mazungumzo magumu kabisa, ya uchumi au ya sheria, na ukayakumbuka. Kumsuka binti nywele nako kunafaa, ila hapo msikilize pamoja. Dakika arobaini za kichwa chake kuwa mikononi mwako si za kumpa mgongo.

Kufua kwa mkono ni jambo jingine. Maji yanapiga kelele, unainuka kumwaga, unarudi, unaenda kuanika. Kipindi kinachojenga hoja hatua kwa hatua kitakupotea. Weka mazungumzo mepesi, mahojiano marefu ambayo ukikosa dakika mbili bado upo nayo. Kukuna nazi na kusaga kwa blenda, zima kabisa, usijisumbue kuongeza sauti. Na kukaanga, naomba uamini uzoefu wangu, nako zima: mafuta yanakuambia yenyewe kama yamepata moto, maandazi yanakuambia kama yanaungua, na ukiziba masikio umelizima jiko lako nusu.

Kazi zenye maneno ndani yake hazichanganyiki na podikasti. Kumsaidia mtoto kazi za shule, kupiga hesabu za duka, kumjibu mteja kwenye simu: akili ina mlango mmoja wa lugha, na wawili hawapiti pamoja. Utajikuta umesikiliza nusu saa na hukumbuki chochote, kisha unajilaumu kwamba umekuwa msahaulifu. Hujawa msahaulifu. Umechagua kazi isiyofaa.

Ndani ya daladala au matatu kuna saa nzima ya bure kwa anayeishi mbali na mjini, lakini kuna injini, konda na muziki wa dereva. Kishawishi ni kupandisha sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kama umevaa hedifoni na huwezi kumsikia jirani yako wa kiti akikuambia shusha mguu, sauti imezidi. Tumia zile zinazoziba tundu la sikio vizuri, maana kelele za nje zikipungua hutahitaji kupandisha. Ukishuka kituoni, zivue kabla hujavuka barabara. Hili sina mjadala nalo.

Sikio la pili ni la nyumba

Masikio ya mama hayako huru kama wengine wanavyofikiri. Yana ajira tayari. Yanasikia maziwa yanapoanza kuchemka, yanasikia geti, yanasikia kikohozi cha usiku na kujua kama ni cha kawaida au cha kifua. Zaidi ya yote yanasikia kimya. Kila mama anajua kwamba mtoto wa miaka miwili akinyamaza ghafla, lazima uende kuangalia.

Ndiyo maana mtoto mdogo akiwa macho, vaa hedifoni upande mmoja tu. Simu nyingi zina mahali pa kubadilisha sauti ya pande mbili kuwa moja, kwenye mipangilio ya usaidizi wa kusikia, ili usikose nusu ya mazungumzo. Jikoni sivai kabisa. Naitia simu ndani ya bakuli kubwa tupu, mdomo wa spika ukielekea chini, na sauti inajaa chumba bila kununua kitu. Liwe bakuli kavu, na liwekwe mbali na sinki.

Faida nyingine ya spika ni kwamba waliopo wanasikia. Dada anayekusaidia kazi anasikia. Mama mkwe aliyekuja kusalimia anasikia, na anaweza kukujibu kabla mtangazaji hajamaliza. Mazungumzo mazuri ambayo tumefanya nyumbani kwetu kuhusu ada, ugonjwa na urithi yalianzia kwenye bakuli.

Vipindi ninavyovipendekeza

Ukiwa na dakika kumi tu, anza na vya Kiswahili kutoka mashirika ya kimataifa ya habari. Wana utaratibu wa miaka mingi wa vipindi vifupi, na huo ndio urefu unaomfaa mama. Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanza mwaka 1963, ina kipindi cha Wanawake na Maendeleo, cha takriban dakika kumi, ambacho huwafuata wanawake wenyewe shambani, sokoni na mahakamani. Kinafaa kwa kuosha vyombo vya usiku: ukimaliza vyombo, nacho kimekwisha.

DW hiyohiyo ilianzisha mwaka 2008 mfululizo wa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako. Ni michezo ya kuigiza ya sauti iliyogawanywa vipande vifupi, kuhusu afya, masomo ya wasichana, kazi na mambo mengine ya vijana. Kama una kijana wa miaka kumi na mitatu ambaye ukimwambia jambo moja kwa moja anaangalia ukutani, mwekee huu jikoni bila kumwambia kwamba ni wake. Atasogea mwenyewe. Ukiona amenyamaza kusikiliza, usianze kumhubiria. Acha mhusika aseme, halafu siku mbili baadaye muulize angefanya nini yeye.

RFI Kiswahili, iliyoanza mwaka 2010, ina Siha Njema kwa mambo ya afya na Gurudumu la Uchumi kwa mambo ya fedha na biashara. Hicho cha pili nakisisitiza kwa mama anayefanya biashara ndogo. Tumezoeshwa kufikiri kwamba habari za shilingi kushuka na bei ya mafuta kupanda ni za wanaume barazani, wakati ni wewe unayeamua kama leo utanunua debe zima la unga au kilo tano.

Habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili nazo hutolewa kwa sauti siku za kazi, takriban dakika kumi. Ndani yake kuna kipengele cha kufafanua maneno, ambapo wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki hueleza neno au methali moja. Mwenzangu unayelea watoto Muscat, London au Minnesota, ambako Kiswahili kinapigana na lugha nyingine sebuleni kwako, kipengele hicho ni hazina. Kifupi kiasi kwamba mtoto hawezi kulalamika, na neno moja la kutumia mezani jioni hiyo linatosha.

Sasa, ukipata saa nzima. Jumamosi ya nguo nyingi, au safari ya basi ya mkoani, hapo ndipo mahojiano marefu yanapopata mahali pake. Salama Jabir, ambaye Watanzania walimfahamu kwenye Mkasi na Bongo Star Search, ana Salama Na: anakaa na msanii, mwanamichezo au mfanyabiashara na kumwacha azungumze mpaka afike kwenye yale ambayo hakupanga kuyasema. Anauliza kama dada anayejali. Wageni wengi husimulia walivyolelewa, na kwa mama hapo kuna mafunzo ya bure, maana unamsikia mtu wa miaka arobaini akikumbuka neno moja alilowahi kuambiwa na mama yake akiwa darasa la nne.

Kama masimulizi ndiyo yanayokutuliza, kuna sauti ya Ananias Edgar akisimulia maandishi ya Denis Mpagaze kuhusu maisha ya watu mbalimbali. Mimi hayo nayawekea kupiga pasi. Yapo YouTube, jambo ambalo lina gharama yake, nitalifikia kwenye bando.

Kwa wanaosikia Kiingereza, nina moja ambayo ningekupa hata kama ningeruhusiwa kutaja moja tu. Inaitwa Dear Daughter. Mtangazaji wake, Namulanta Kombo, ni mama kutoka Kenya aliyeshinda shindano la kimataifa la podikasti la BBC World Service, na kipindi kikaanza mwaka 2021. Alitaka kumwachia binti yake mwongozo wa maisha, akaona hawezi kuujaza peke yake, basi akawaomba wanawake wa sehemu mbalimbali za dunia waandike barua kwa mabinti zao. Kila sehemu ni barua inasomwa, kisha mazungumzo. Wanazungumza kuhusu mwili, ndoa, msiba, kazi, kuhama nchi. Isikilize ukiwa peke yako mara ya kwanza. Halafu chukua daftari uandike barua yako, hata ya ukurasa mmoja, kwa mtoto wako wa kike au wa kiume. Niliandika ya wangu kwa awamu, kwa usiku tatu mfululizo, nayo imekaa ndani ya kadi yake ya kliniki.

Adelle Onyango wa Nairobi ana Legally Clueless, aliyoianza mwaka 2019. Ndani yake kuna Waafrika wa kawaida wakisimulia jambo lililowabadilisha. Ni ya siku ambayo unahisi wenzako wote wameshafika na wewe tu ndiye bado unatafuta njia. Baadhi ya simulizi ni nzito na lugha ni ya watu wazima, kwa hiyo hiyo ni ya hedifoni, si ya bakuli. Kevin Mwachiro naye, katika Nipe Story, anasoma hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Mama aliyependa riwaya na hajafungua hata moja tangu ajifungue, aanzie hapo.

Tafadhali usijaze simu yako malezi peke yake. Nimeona wenzangu wengi wakifanya hivyo, nami nilifanya: kila ninachosikiliza ni jinsi ya kumlaza mtoto, jinsi ya kumlisha, jinsi ya kumtuliza. Baada ya mwezi nilikuwa najua mengi na nimechoka zaidi, kwa sababu hata muda wangu wa kupumua nilikuwa kazini. Katika orodha yako weka angalau kipindi kimoja ambacho mtoto hatajwi kabisa. Changu kilikuwa Until Everyone Is Free, podikasti ya Sheng kuhusu Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Sheng ile ilinishinda mwanzoni, mimi mtu wa Dar es Salaam, lakini nikiwa na beseni la nguo za mtoto mbele yangu nilikuwa nikifikiria ardhi, vyama vya wafanyakazi na maana ya uhuru. Chako kinaweza kuwa mpira, kilimo cha mboga, historia ya taarab, tafsiri ya Qurani au mafundisho ya Biblia. Kiwe tu chako.

Kwa watoto wenyewe nitasema kwa kifupi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja wala wa mwaka mmoja, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sauti inakuokoa hapo. Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza mwaka 2013, ndilo lenye Ubongo Kids na Akili and Me, kipindi cha yule msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Vipindi hivyo ni vya televisheni, lakini nyimbo zake zinajitosheleza bila picha. Geuza simu kifudifudi, mtoto aimbe na kucheza. Na jioni mkiwa wote mmechoka, hakuna programu inayoishinda hadithi yako mwenyewe ya sungura na fisi, hata ukiikosea mwisho.

Podikasti za malezi za ng'ambo

Ziko nyingi na baadhi ni nzuri sana. The Longest Shortest Time ya Hillary Frank, iliyoanza mwaka 2010 baada ya yeye kupata uzazi mgumu, ilifungwa mwaka 2019 lakini sehemu zake bado zina faraja kwa mama aliyeumia akijifungua na kuambiwa asahau. Ila ukisikiliza za Marekani, kumbuka zinazungumza na watu wenye sheria nyingine. Kule hakuna sheria ya taifa zima inayompa kila mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo, kwa hiyo utasikia ushauri mwingi wa jinsi ya kurudi kazini wiki ya sita. Usiuchukue kama kipimo chako. Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa akupe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu. Nimekutana na wanawake wanaojua jina la mtaalamu wa usingizi wa California na hawazijui saa mbili hizo.

Kuna pia suala la mtoto kulala chumba chake, kula kwenye kiti chake, kuwa na ratiba ya dakika kwa dakika. Kama mnalala watatu chumba kimoja na bibi yuko sebuleni, ushauri huo haukuhusu, na si wewe uliyekosea.

Kabla hujaamini ulichosikia

Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuanzisha podikasti na kujiita mshauri wa afya. Nina kipimo changu. Tafuta anachosema kuhusu maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji, bila uji, bila dawa za kienyeji za kutuliza tumbo. Mtangazaji anayekuambia umpe mtoto wa miezi miwili maji kidogo kwa sababu ya joto, achana naye, na mengine yote anayoyasema yatilie shaka. Kisha msikilize kama huwa anasema wakati fulani: hapa nenda kituo cha afya. Anayejua kazi yake anajua mpaka wake. Asiyejua ana jibu la kila kitu, na mara nyingi dakika ya mwisho utasikia ana vidonge au unga wa lishe anaouza.

Kipimo cha pili ni moyo wako. Sikiliza sehemu tatu. Kama kila ukimaliza unajiona mama mbaya zaidi kuliko ulivyoanza, kifute kipindi hicho, hata kama rafiki yako anakisifia. Kuna sauti zilizojengwa juu ya hofu ya akina mama, na hofu hiyo tunayo ya kutosha bila kuongezewa.

Bando lisikutishe

Wengi hudhani podikasti inakula bando kama video. Hesabu iko hivi: sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa mazungumzo, ni karibu MB 29 kwa saa. Ikiwa ya kilobiti 128, ni karibu MB 58. Kwa hiyo kipindi cha dakika kumi ni kati ya MB 5 na 10. Video ya kawaida ya saa moja huvuka mamia ya MB. Mwezi wa kwanza mimi nilisikilizia kila kitu YouTube, skrini ikiwaka juu ya meza nisiyoiangalia, na bando la wiki likaisha siku ya tatu. Kwa asiyelipia, YouTube kwa kawaida hunyamaza ukizima skrini, hivyo unalipia picha ambayo huioni pamoja na chaji ya betri. Kipindi kikiwepo kwingine kwa sauti tupu, kichukue huko.

Kwa simu ya Android, AntennaPod ni programu ya bure, haina matangazo yake wala haikulazimishi kufungua akaunti. iPhone huja na Apple Podcasts. Spotify imekuwepo kwetu Afrika Mashariki tangu mwaka 2021, na podikasti unaweza kuzipakua hata kama hulipii. Yoyote utakayochagua, ingia kwenye mipangilio ufanye mambo mawili. Iambie ipakue kwa waifai tu. Ukifika ofisini, au kwa ndugu mwenye waifai, inajaza yenyewe. Na iambie ifute sehemu uliyokwisha kuisikiliza, la sivyo simu itajaa na siku ya mahafali ya mtoto hutakuwa na nafasi ya picha.

Asiye na simu ya kubeba programu bado anaweza kushiriki. Katika kikundi chetu cha vikoba tuna utaratibu: kila wiki mmoja anatuma kipindi kimoja kwenye kundi la WhatsApp, kifupi, siku mbili kabla ya kikao. Wasioweza kukipokea tunawasikilizisha hapo mkekani kabla ya kuhesabu hisa. Siku tuliyosikiliza habari za mirathi ya wajane, kikao kilichelewa kwisha kwa saa mbili, na wanachama wawili waliondoka wakiwa wameandika majina ya nyaraka za kwenda kutafuta nyumbani.

Usiku

Wakati wa kunyonyesha, chagua sauti moja, tulivu, isiyo na muziki wa kushtukiza katikati. Habari za vita na mauaji ziache mpaka kuche. Mwili uliotoka kujifungua hauhitaji mshtuko saa tisa za usiku. Hadithi, historia, lugha, dua, vyote vinafaa. Mwanga wa skrini ushushe hadi mwisho, na kipindi kiwe kimeshapakuliwa na kuwekwa tayari kabla hujapanda kitandani, ili usianze kutafuta kwa kidole huku mtoto yuko kifuani. Programu nyingi zina kipima muda cha kulala. Kiweke dakika kumi na tano. Ukisinzia, sauti itazimika yenyewe.

Kuna usiku ambao hutataka sauti ya mtu yeyote. Acha simu sebuleni usiku huo. Mtoto akishiba utamsikia anavyopumua, kwa masikio yote mawili.